Ngeli za Mtoto wa Darasa la Kwanza

Wanasarufi wa Kiswahili hawajawahi kukubaliana kuhusu idadi ya ngeli. Wapo wanaohesabu kwa maumbo, wakataja M-WA, M-MI na KI-VI. Wapo wanaohesabu kwa upatanisho, wakataja A-WA, U-I na LI-YA. Na wapo waliobaki na tarakimu za Wilhelm Bleek, Mjerumani wa Cape Town, ambaye katika miaka ya 1860 alizipa namba ngeli za lugha za Kibantu kama mtu anayepanga mizigo stoo. Mimi si mwanasarufi. Mimi nafundisha darasa la kwanza. Lakini baada ya miaka 18 mbele ya ubao nimejiridhisha kwamba mabingwa wote hao wameacha kichaka kimoja bila kukifyeka: ngeli za mtoto mwenyewe.

Ukitazama kwa juu juu, swali halipo. Mtoto, watoto, A-WA, kazi imekwisha. Vitabu vinasema kila chenye uhai, mimea kando, huingia humo, hata kama umbo lake linadanganya: kijana anakuja, kiziwi anakuja, kifaru naye anakuja na hakuna anayebisha. Ila vitabu hivyohivyo vinaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kanuni hiyo huvunjika pale msemaji anapokusudia kudunisha au kukuza. Utafiti wangu ulianzia kwenye hilo "pale". Nimesimama sana kwenye varanda za shule, na naweza kuripoti kwamba kanuni huvunjika kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi kengele ya kutokea, siku tano kwa wiki, na Jumamosi kama kuna masomo ya ziada.

Neno moja kuhusu mbinu, maana utafiti usio na mbinu ni umbeya. Nimefuata mkabala wa upatanisho, si wa maumbo: simwangalii mtoto alivyovaa wala anakotoka, nasikiliza kiambishi ambacho mtu mzima anamvisha. Sampuli ni darasa langu, watoto 112 kwenye madawati 31. Mwongozo wa serikali ya Tanzania unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na mmoja kwa 25 katika darasa la awali. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 na watoto waliokuwa wakizuiwa nyumbani na michango wakaja kwa pamoja, mwongozo huo kwa wengi wetu umekuwa kama picha ya bahari kwenye kalenda ya ukutani. Tunaiona kila siku na hatujalowa. Silalamiki kwamba walikuja. Afadhali mtoto awe wa 112 darasani kuliko kuwa wa kwanza nyuma ya mbuzi. Naeleza tu hali ya maabara.

Ngeli ya WA

Huyu ni mtoto asiye na umoja. Nyumbani anao, tena wa kumwaga. Nyumbani yuko mtoto mmoja aliyepewa jina la babu yake, kwa hiyo mama yake mzazi humwita "baba", na bibi yake humtania "mume wangu" huku akimbakizia finyango la nyama. Mtu huyu mwenye vyeo viwili kabla hajang'oka jino la mbele anafika shuleni Januari, anasukumwa kwenye mstari, na kuanzia hapo jina lake ni "hatujambo".

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, hamjambo?"

"Hatujambo mwalimu!"

Naipenda salamu hii. Ina mdundo, na vumbi hutikisika darini ikiitikiwa vizuri. Lakini ichunguzwe kisarufi: hapo hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa hali yake. Mwenye homa kasema hatujambo. Aliyelala na njaa kasema hatujambo, pengine kwa sauti kuliko wenzake, kwa sababu sauti haihitaji chakula cha jana. Siku moja nilijaribu kusimama mlangoni nikimuuliza mmoja mmoja, "Hujambo?" Wa kwanza aligeuka nyuma kuona nazungumza na nani. Wa pili na wa tatu walinipita mbio. Wa nne alisimama kikakamavu, akafikiri, akajibu: "Hatujambo."

Kuhusu ngeli ya I-ZI sina mengi ya kusema. Ni ya ofisini. Humo mtoto ni namba: namba ya uandikishaji, namba katika daftari la mahudhurio, na ile ya mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, inayomfuata hata akihama shule. Namba haijawahi kumdharau mtu. Haijawahi kumpenda pia. Tuendelee.

Ngeli ya U-I

Hapa ndipo wenzangu watashangaa, kwa sababu U-I ni ngeli ya miti, mito na mikate, na hakuna anayetarajia kumkuta mtoto humo. Lakini mkono nao ni wa ngeli hiyo, na kwa sehemu kubwa ya siku mwalimu hafundishi watoto, anafundisha mikono. Anauliza swali, msitu unainuka, vidole vinaalika, "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!", naye anasema, "Haya, mkono ule ulionyooka." Mkono unasimama. Mkono unajibu. Mtoto aliyeungana na mkono huo kwa chini ni nyongeza.

Msitu huu una tabia yake. Mikono 10 ya mbele huinuka kabla swali halijaisha, na mingine huinuka hata kama swali ni "Nani hajafanya kazi ya nyumbani?" Miongoni mwa mikono ya katikati ipo inayoinuka pale tu inapoona mwingine umeshachaguliwa. Hiyo ni mikono ya mtaji mdogo, inataka kuonekana sokoni bila kununua. Halafu ipo isiyoinuka kabisa, na kwa kuwa katika ngeli hii asiye na mkono juu hana umbo lolote, wenye mikono hiyo ni kama hawapo.

Huko Marekani, mtafiti aliyeitwa Mary Budd Rowe aliwahi kukaa na kanda za sauti za vipindi vya sayansi akipima kitu ambacho hakuna aliyedhani kinapimika: kimya. Alikuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hulijibu mwenyewe au humrukia mwingine. Tena wale waliodhaniwa wana akili walisubiriwa kwa muda mrefu kuliko wale waliodhaniwa hawana. Walimu walipojizuia hadi sekunde tatu, majibu yakarefuka, na watoto ambao kwa kawaida walikaa kimya wakaanza kusema.

Nilisoma habari hiyo nikacheka. Sekunde tatu! Halafu nikaijaribu. Nashauri mwalimu yeyote anayejiona mvumilivu asimame mbele ya watoto 112, aulize "Ba na ba tukiziunganisha tunapata nini?", halafu ahesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo bila kufungua mdomo. Sekunde ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili, unasikia bati likilia kwa jua. Katika ya tatu, unakumbuka madeni yako. Lakini siku ile, baada ya tatu, binti mmoja wa dawati la tano ambaye sikuwahi kusikia sauti yake aliinua, si mkono, bali kidole kimoja, usawa wa sikio, akasema "baba" kwa sauti ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

KI na LI, na ile ngeli ambayo haimo vitabuni

"Hiki kitoto kinaringa." "Lile litoto la nyuma limeanza tena." Sihitaji kueleza. Kila msomaji aliyepita shule za kwetu amewahi kuwa KI au LI, na wengine wetu tulikuwa vyote viwili siku moja: KI mbele ya mwalimu wa hesabu na LI mbele ya mpishi wa uji. Nataka kutaja jambo moja tu, nalo ni la masikio. Mtoto wa miaka 6 hajui neno upatanisho. Hajafundishwa viambishi, na akifika mwisho wa shule ya msingi atavikosea kwenye mtihani. Lakini ki- hiyo anaisikia kama unavyosikia jiwe kwenye wali. Meno yanajua kabla ya kichwa.

Haki itendeke kwa ngeli ya KA. Kiswahili Sanifu hakiitambui, walinzi wa lugha huinua nyusi wakiisikia, lakini Kenya, Kongo na sehemu nyingi za bara watu wanaitumia tangu asubuhi. Dada anayetuletea vitumbua saa nne humwambia mtoto wa chekechea, "Haka katoto kangu kamependeza leo," na nimeona katoto hako kakivuta shingo kama twiga. Udogo si tatizo, basi. Tatizo ni kama aliyekupunguza alikuwa anakusogeza karibu au anakusukuma mbali, na hilo sarufi imeshindwa kuliwekea alama.

Ngeli ya U ni ya taarifa za maendeleo mwisho wa muhula. Humo mtoto hayupo, zipo sifa zake: uvivu, utundu, utoro. "Utundu umezidi," tunamwandikia mzazi, kana kwamba utundu umehamia shuleni wenyewe na begi lake. Lakini katika safu hii yote ninayoiogopa ni moja, na ndiyo ambayo wazazi huipokea kwa tabasamu: upole. Kwa miaka mingi nimeandika "Ni mpole" kwenye karatasi za watoto ambao, nikisema kweli, sikuwa na kingine cha kuwaandikia. Mtundu nilimjua hadi chakula anachopenda. Mpole nilijua kwamba hakunisumbua.

Je, ngeli huumiza?

Mhakiki mkali atauliza: hata kama mwalimu amemweka mtoto katika ngeli isiyo yake, kuna hasara gani? Si maneno tu?

Swali hili lilipimwa California katika miaka ya 1960, katika jaribio ambalo wapenzi wa sarufi walipaswa kulijua kwa sababu ya jina la mtihani wake. Robert Rosenthal, mwanasaikolojia, na Lenore Jacobson, mwalimu mkuu, waliwapa watoto wa shule moja ya msingi mtihani wa kawaida wa akili, wakaubandika jina la kutisha ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama Mtihani wa Harvard wa Upataji Ulionyambuliwa. Jina hilo halina maana hata kwa Kiingereza. Kisha wakawaambia walimu kwamba mtihani umegundua watoto fulani, kama mmoja kati ya watano, ambao mwaka huo watachanua. Majina hayo yalikuwa yamechaguliwa kama kura ya upatu, bila sababu yoyote. Mwisho wa mwaka walipimwa tena, na kitabu kilichotoka mwaka 1968 kikaripoti kwamba waliotabiriwa kuchanua walikuwa wamewapita wenzao. Tofauti hiyo ilionekana zaidi darasa la kwanza na la pili.

Wataalamu wa vipimo walikishambulia kitabu hicho kwa haki, na ubishi juu ya ukubwa wa tofauti yenyewe haujatulia hadi leo. Mimi ubishi huo nawaachia. Ninachokishika ni kidogo: walimu wale hawakuambiwa wafanye lolote. Waliambiwa tu ngeli, na mengine, nadhani, wakayafanya wenyewe bila kujijua, kwa namna ya kutazama, ya kusubiri, ya kurudia swali mara ya pili. Na darasa lililoshika zaidi lilikuwa langu, la kwanza, ambako mtoto bado hajajua yeye ni nani shuleni na anasubiri aambiwe.

Kuna kosa la upande wa pili, ambalo sisi wenye moyo mwema hulifanya kwa mikono miwili. Tukishajua kwamba maneno yanajenga, tunamwaga sifa. "Una akili sana wewe! Mpigieni makofi!" Makofi yanapigwa, matatu matatu, mtoto anakaa akiwa amevimba kama andazi. Hapa naomba wanasarufi wanisaidie kuona tofauti kati ya sifa ya nomino na sifa ya kitenzi. "Una akili" ni nomino. Umempa kitu, na kitu kinaweza kupotea. "Umeandika mstari wote bila kutoka nje" ni kitenzi. Kina mtenda ndani yake, kina wakati, na mtenda huyo anaweza kutenda tena kesho. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano huko Marekani. Waliosifiwa kuwa wana akili, walipopewa kuchagua, walipendelea kazi ambayo wangeonekana hodari. Walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, raha iliwaisha na alama zao zikashuka hata waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo. Waliosifiwa kwa jitihada waliendelea kuchokonoa. Na walipoambiwa wawaandikie watoto wasiowajua kuhusu alama zao, wale wa nomino walidanganya zaidi.

Mwaka niliousoma utafiti huo nilianza kuhamisha sifa zangu kutoka nomino kwenda vitenzi, na nakiri ni kazi ya kuchosha. Nomino unaisema bila kuangalia daftari. Kitenzi kinakulazimisha uangalie. Huwezi kumwambia mtoto "leo 'e' yako imefunga tumbo" kama hukuiona ile ya jana ikiwa wazi kama mlango wa choo cha shule. Alama ya vema ya wino mwekundu inachukua nusu sekunde, na nimewahi kuziweka 112 huku nikiongea na simu. Nilipopitia upya madaftari hayo jioni nilikuta nimempa vema mtoto aliyechora kuku.

PA, KU, MU

Nimeiacha ngeli hii hadi sasa kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni ngeli ya ajabu. Katika lugha nzima ina nomino moja tu, mahali, na kwa hiyo nadhani ndiyo ngeli yenye upweke kuliko zote. Mtoto wa ngeli hii anajulikana kwa alipokaa. "Wewe pale dirishani." "Mle kwenye kona mna nini?" "Kule nyuma kunapigwa kelele." Hapo hakuna anayepiga kelele, kunapigwa tu.

Palikuwa na mtoto. (Natumia kiambishi hicho makusudi.) Jina lake silitaji. Ni lake, na nilichelewa kulipata kiasi kwamba sina haki ya kuligawa. Kwa wiki sita za mwanzo wa mwaka alikuwa Pale Dirishani. Hakuwa mtundu, hakuwa mwerevu wa kuonekana, hakuwa na kidonda wala viatu vya kukumbukwa. Kilichomtofautisha ni mashtaka.

Msomaji ambaye hajafundisha darasa la kwanza hajui uzito wa idara hii. Meza ya mwalimu ni mahakama ya mwanzo na ya rufaa. Yapo mashtaka ya mali: penseli, kifutio, kichongeo, nusu ya karanga. Yapo ya heshima, "kamtukana mama yangu", ambayo ukifuatilia unakuta mama hakutajwa, ametajwa mbuzi. Yapo ya maslahi ya umma: "Mwalimu, darasa la tatu wanapigana." Yapo ya kitaaluma, yanayoletwa na watoto watakaokuja kuwa wakaguzi: "Mwalimu, huyu hajaandika tarehe." Na yapo ya mwili, ambayo ndiyo mengi, na humo kufinya huongoza.

Pale Dirishani alikuwa mtu wa kufinywa. "Mwalimu, huyu kanifinya." Kila siku mtu mwingine. Mimi nilifuata utaratibu wa mahakama: wewe unaitwa nani? Na wewe unaitwa nani? Nani alianza? Haya, ombaneni msamaha, kakaeni. Dakika moja na nusu, kesi imefungwa, anayefuata.

Siku moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa usomi, nilianza kuziandika kesi hizo nyuma ya daftari la maandalio ya somo, ili nimpate huyo mfinyaji sugu. Baada ya wiki mbili niliketi kusoma kumbukumbu zangu. Mlalamikaji yuleyule alitokea mara 11. Washtakiwa walikuwa 11 tofauti. Sikuwa nimeandika popote kwamba mkono ulikuwa na alama, kwa sababu haukuwa nayo.

Nilimweleza mwenzangu wa darasa la pili, mwalimu wa siku nyingi, ambaye alikuwa anasahihisha huku akipunga feni ya kadibodi. Nikamuuliza: mtoto huyu anapata nini? Hampatishi mtu adhabu, harudishiwi kitu, hapati hata huruma, maana mimi simwangalii sawasawa. Hakuinua kichwa. "Kwani ukimpokea unamwambia nini kwanza?" akasema. Nikamwambia: namuuliza anaitwa nani.

Akaendelea kusahihisha.

Katika darasa la watoto 112, kama hutaki kuvunja kioo, hakuna njia nyingine ya kumfanya mwalimu akuulize jina lako isipokuwa kushtaki. Mtoto yule alikuwa ameligundua hilo kabla yangu, akiwa na miaka 7 na bila daftari la utafiti. Alinitajia jina lake mara 11, mimi nikalisikia mara 11 na kuliweka mahali palepale ninapoweka kelele za bodaboda. Baya zaidi nililigundua asubuhi iliyofuata nilipoita mahudhurio nikimtazama kwa mara ya kwanza: daftari lilikuwa limemwandika kwa R mahali ambapo yeye, mezani kwangu, alikuwa akisema L. Tangu Januari nilikuwa namwita mtu mwingine, naye, kwa adabu, akimwitikia huyo mtu "nipo".

Tiba ya utafiti huu haina heshima ya kitaalamu. Niliomba maboksi ya sabuni dukani, nikayakata kadi, nikaandika majina. Kila asubuhi niliwasimamisha watano mlangoni na kuwauliza mmoja mmoja habari moja ya kweli, si hatujambo. Kwa njia hiyo nimejua kwamba kuku wa mmoja ametaga juu ya kabati na kwamba mwingine anamwogopa baba yake mdogo. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kusoma kunaanza na sauti na silabi. Nikaacha kuanza na "ba" ya bata, nikaanza na "ba" ya Baraka, "ma" ya Maua, "ta" ya Tabu. Watoto ambao hawakujali bata anaandikwaje walipigania silabi zao kama urithi. Nikajifunza pia kuchuchumaa, kwa sababu mtu mzima aliyesimama, kwa mtoto wa darasa la kwanza, ni mkanda na magoti tu. Gharama yake ni magoti hayohayo. Hakuna posho ya magoti.

Sikuona muujiza. Wasiosoma wengine bado hawasomi, na dirisha lilivunjwa vilevile mwezi Machi. Hadi Pasaka nilikuwa nimeshika majina 97, na hapo, kama watafiti wote wanaojiheshimu, nikatangaza matokeo. Katika chumba cha walimu nilieleza nadharia yangu kwa kirefu: kwamba mashtaka ya darasa la kwanza si mashtaka, ni maombi ya kurudishwa katika ngeli ya A-WA, umoja, kwamba kufinywa ni sitiari. Mwenzangu wa darasa la pili alisema "Mh."

Wiki ya pili baada ya likizo, wakati wa mapumziko ya uji, Pale Dirishani wa zamani akaja mezani akiwa amemshika mwenzake shati.

"Mwalimu, huyu kanifinya."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikachuchumaa hadi usawa wa macho yake, nikamwita kwa jina lake, L ikiwa L, nikamwambia nimefurahi sana kumwona leo, na nikamuuliza habari za mdogo wake. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetazama redio iliyoshika stesheni nyingine. Kisha akanyoosha mkono. Juu kidogo ya kiwiko kulikuwa na alama mbili za kucha, nyekundu, moja ikianza kutoka damu.

"Mwalimu," akasema polepole, akinigawia silabi kama mimi ninavyowagawia wao. "Ka-ni-fi-nya."

Nikasimama, magoti yakalia. Nikamgeukia yule mfinyaji, aliyekuwa anachora sakafuni kwa kidole gumba cha mguu.

"Na wewe," nikasema, "unaitwa nani?"